Begi la Kamera kwa Anayepanda Mwendokasi

Mtu akinunua kamera yake ya kwanza, haipiti muda ananitumia ujumbe kuuliza mambo mawili: aongeze lenzi gani, na anunue begi gani. La lenzi nalijibu palepale. La begi namrudishia swali: wewe asubuhi unapanda nini?

Wengi hudhani nawazungusha. Walitarajia niwatajie jina la kampuni wakalitafute Kariakoo, au wamuagize shangazi aliyeko Dubai. Lakini begi haliwezi kuchaguliwa kwa kuitazama kamera peke yake. Begi hushindwa barabarani: mlangoni mwa daladala, nyuma ya bodaboda, kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni jua likiwa utosini. Mwenye gari lake anunue lolote linalompendeza, alitupe kiti cha nyuma, yaishe. Mimi naandika kwa ajili ya sisi tunaotoka Kimara hadi Posta tumesimama, na jioni tunarudi tumesimama.

Niseme maisha yangu yalivyo ili usije ukafuata ushauri wa mtu msiyefanana naye. Mchana niko ofisini katikati ya mji. Picha ni kazi ya jioni na mwisho wa wiki: sendoff, kitchen party, kipaimara, mkutano wa kampuni ukipatikana. Zipo pia picha ninazopiga kwa raha yangu tu, za mtaani, ambazo hakuna anayenilipa na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Hizo hazina ratiba. Unashuka kituoni mvua imetoka kukatika, muuza mahindi ya kuchoma amelifunika jiko kwa mwavuli, moshi unatafuta pa kutokea, na taa za bajaji zinaupiga kwa nyuma. Kamera ikiwa kabatini nyumbani, utabaki kuhadithia.

Kwa hiyo begi ninalolizungumzia ni la siku ya kawaida. Ndani yake kuna kamera, lakini kuna pia hotpoti ya chakula cha mchana, mwavuli, chaja ya simu, na sandali za kubadilisha. Begi la harusi ni habari nyingine kabisa. Siku ya harusi naitiwa gari, na hata nikibeba sanduku hakuna atakayeshangaa.

Tuanze na uzito, maana huo ndio unaowashinda wengi kabla hata vibaka hawajawaona. Kamera yangu ya kila siku ni Fujifilm X-T3. Ikiwa na betri na kadi ina gramu 539. Lenzi ya 23mm f/2 ina gramu 180, ya 50mm f/2 ina gramu 200. Jumla gramu 919, haijafika kilo. Sasa chukua mzigo ambao wapiga picha wengi wa harusi wanaujua: Canon 5D Mark III gramu 950, lenzi ya 24-70mm f/2.8L II gramu 805, na ile nyeupe ya 70-200mm f/2.8L IS II gramu 1,490. Tayari umepita kilo 3, na flashi hujaigusa. Liongeze begi lenyewe. Mabegi ya mgongoni ya kamera yenye sponji nene pande zote huwa na kilo moja na nusu au zaidi yakiwa matupu. Hapo umeanza siku na kilo karibu 5, yaani mfuko wa sembe, unaupeleka kazini na kuurudisha bila kuupika.

Nimewaona watu wakifanya hivyo wiki ya kwanza kwa bidii zote. Wiki ya tatu kamera inabaki nyumbani.

Ndiyo maana nasema panga kwanza vitu, begi lifuate. Weka mezani kile utakachokubali kukibeba hata siku ambayo hukulala vizuri na bosi amekuudhi. Kwangu ni kamera moja ikiwa na lenzi moja, lenzi ya pili ndogo, betri ya akiba, kadi ya akiba, kitambaa cha kufutia. Basi. Vikiwekwa vizuri havijazi hata lita 4. Ukijumlisha hotpoti na mwavuli unahitaji begi la lita 8 hadi 12. Ukinunua la lita 20 kwa hoja ya kwamba nafasi haiozi, litajaa. Sijui hujazwa na nani, lakini hujaa.

Hata hivyo lita zinadanganya. Kipimo kinachonihusu mimi ni unene. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 tulidhani habari ya kubanana imekwisha. Sote tunajua ilivyokuwa. Saa moja asubuhi Kimara ukiingia na begi la mgongoni limekaa mgongoni, utasikia sauti kabla hujashika bomba: "Dada, begi mbele!" Wana haki. Unaligeuza kifuani, na kama lina unene wa sentimita 20 huwezi kushusha macho ukaona miguu yako, na aliye mbele yako anasukumwa kila basi linapokanyaga breki. Mama mmoja aliwahi kunitazama, akalitazama begi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, na hili limekata tiketi?"

Tangu hapo sinunui kinachozidi sentimita 13 kwenda ndani. Kamera ndogo yenye lenzi fupi inaingia kwa ubavu bila shida. Begi la kuning'inia begani, bapa, linalogeuzwa mbele kwa mkono mmoja na kulala tumboni, ndilo linaloweza kuishi humo. La mgongoni lina faida yake, mabega mawili hugawana mzigo, na mwenye matatizo ya shingo asinisikilize mimi. Ila likiwa la mgongoni tafuta lile ambalo zipu ya sehemu ya kamera iko upande unaogusana na mgongo wako. Zipu inayotazama nje kwenye daladala ya Mbagala ni mlango ulioachwa wazi. Mchomoaji hahitaji dakika. Anahitaji basi lipige kona moja.

Bodaboda ina sheria zake. Ukiwa abiria, begi la begani linapepea, linavuta upande, linamsumbua dereva, na likishuka chini ya kiti linakaribia ekzosi. Mimi naliweka katikati, kati ya tumbo langu na mgongo wa dereva, mkanda umefupishwa. Hapo tena unene unahesabika. Begi la mgongoni kwenye boda linakaa vizuri zaidi, nakiri, isipokuwa usiku kwenye foleni, ambapo hujui anayesimama nyuma yako anafanya nini.

Sasa kuna hili la wakwapuzi wa pikipiki, ambalo washauri wa mtandaoni kutoka nchi za watu hawaligusi. Wao watakwambia uvushe mkanda kifuani, begi liko salama. Kwetu wapo wanaopita wawili kwenye pikipiki, wa nyuma ananyakua mkanda na dereva anaongeza mwendo. Mkanda ukiwa umevushwa kifuani, wewe ndiye unayeburutwa. Watu wameumia vibaya kwa namna hiyo hapa mjini, na si kwa ajili ya kamera, kwa mikoba ya kawaida tu. Nimeshaamua. Ndani ya basi navusha mkanda, maana huko hakuna pikipiki. Nikishuka na kutembea kando ya barabara kubwa natembea upande ambao magari yanakuja yakinitazama, begi liko bega la upande wa ukuta, mkanda haujavushwa. Likivutwa, liende. Picha za wiki nimeshazihamisha, kamera nitadunduliza.

Kwa sababu hiyo hiyo sitaki begi linalojitangaza. Kila begi linalouzwa pamoja na kamera lina jina la kampuni mbele, kubwa, la rangi nyeupe, kana kwamba wewe ndiye unayelipwa kulitangaza. Na ule mkanda wa shingoni wenye maandishi ya njano unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Mkanda nabadilisha siku ya kwanza. Jina la begi fundi analifumua kwa wembe, na pale lilipokuwa linabaki alama hafifu isiyomwambia mtu kitu. Begi jeusi jipya lenye mifuko kumi na klipu kila upande nalo linapiga kelele bila jina lolote. Begi la rangi ya udongo, limepauka kidogo, lina doa la chai: hilo napenda.

Mabegi mawili yanayosifiwa zaidi na wapiga picha wa zamani yalitokea mbali sana na maduka ya kamera, na ndiyo yanayonipa moyo wa kutafuta kwingine. Mwaka 1973 Martin Billingham alianza Uingereza kushona mabegi ya watu wanaovua samaki kwa burudani, ya turubai zito lisilopitisha maji. Miaka michache baadaye kampuni ikagundua kwamba wapiga picha wa New York wanayanunua na kuwekea kamera. Muongo huohuo Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alibuni begi lake la turubai laini kwa kazi ya kila siku, halina sponji nene, linalala kwenye nyonga kama nguo, na mkono unaingia na kutoka bila kutafuta. Waandishi wa habari wa dunia nzima walilichukua. Siku hizi kuna hawa Peak Design wa San Francisco, ambao mwaka 2015 walichangisha zaidi ya dola milioni 4 mtandaoni kwa begi lao la begani. Nimelishika la rafiki yangu. Limebuniwa kwa akili sana, kila klipu imefikiriwa, na kila anayelijua anajua bei yake. Hilo la mwisho ndilo tatizo langu. Ongeza gharama ya kulisafirisha na kodi zake, VAT peke yake asilimia 18, halafu upande nalo daladala ya Gongo la Mboto.

Cha kuchukua kwa Domke ni ule ulaini. Begi gumu lenye sponji ya sentimita 2 kila upande linalinda kamera isigongwe ikianguka. Lakini kamera ya kila siku haiwekwi kwenye buti la ndege. Inakaa mwilini mwako, na mwili wako tayari ni kinga. Unachohitaji ni sponji chini, pale begi linapotua sakafuni kwa kishindo, na kizuizi kati ya kamera na lenzi ili visisagane. Kwingine kote acha kitambaa.

Kuna jambo la pwani ambalo linastahili nafasi kubwa kuliko mitindo: unyevu. Dar es Salaam asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na kwenye masika usiulize. Unyevu huo unalila begi kwanza, halafu unahamia kwenye lenzi.

Unavyolila begi ni hivi. Mabegi mengi ya nailoni yana tabaka jembamba kwa ndani, la poliyurethani, la kuzuia maji. Joto na unyevu hulivunja taratibu, hata kama begi halijatumika. Ndiyo maana unaweza kulipata begi zuri la kampuni kubwa kwenye mitumba ya Karume, nje linang'aa, ukifungua mfuko wa ndani vidole vinanata, kuna harufu ya uchachu, na tabaka linabanduka vipande vyeupe kama mba. Ukiweka kamera humo, vile vipande vinaishia kwenye kihisio, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, na kwenye pete ya lenzi. Hakuna dawa. Kwa hiyo kwenye mitumba silitazami begi nje kwanza. Nageuza mifuko ndani nje, nasugua kwa dole gumba, nanusa. Muuzaji hucheka, "Dada, unanunua begi au samaki?" Acha acheke. Ngozi bandia nayo hufa hivyohivyo. Turubai la pamba halina tabia hiyo, likichafuka linafuliwa, likichanika linashonwa.

Zipu za chuma nazo ukanda wetu hauzipendi. Chumvi ya bahari inazishika, zinatoa unga wa kijani au mweupe, halafu siku una haraka inakataa kufunguka. Chagua zipu ya plastiki ya meno makubwa au ya nailoni, na ukikuta imeandikwa YKK, jina la kampuni ya zipu, kwa herufi zilizokaa sawa, uwezekano ni mkubwa kwamba aliyeshona begi hakubania senti kwingine. Ikianza kugoma, pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno, fungua na kufunga mara kadhaa.

Kuhusu lenzi, adui ni kuvu, ule utando unaoanza na nyuzi nyembamba pembeni ya kioo na kusambaa. Kuvu hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu unaopita asilimia 60 hivi. Yaani hupenda begi la kamera lililofungwa zipu na kuwekwa juu ya kabati tangu Krismasi. Lenzi nyingi zenye kuvu nilizoletewa nizitazame zilitoka kwenye mabegi mazuri, ya gharama, yenye sponji nene ambayo ilinyonya unyevu na kuutunza. Kamera inayobebwa kila siku, inayoona jua na upepo, huwa salama zaidi kuliko inayoheshimiwa. Nikifika nyumbani naitoa, begi linabaki wazi limening'inizwa kwenye msumari. Lenzi zinalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Nunua ile inayobadilika rangi, ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ikishiba unaikausha kwenye oveni nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, unairudisha. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vingi vimeshashiba kabla hujavifungua, na mchele uacheni upikwe.

Mkisema mnapiga picha za mikutano, begi lina kazi nyingine ambayo haijaandikwa kwenye lebo. Ukumbini kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, nje joto na mvuke. Ukitoka na kamera mkononi, lenzi inafunga ukungu papo hapo, na ukifuta inafunga tena, na mgeni rasmi ameshapanda gari. Kamera iingie kwenye begi ukiwa bado ndani ya baridi, funga zipu zote, toka nayo, iache hivyo robo saa mpaka nusu saa ipate joto polepole. Begi lisilo na zipu, lenye mfuniko wa kulaza tu kama la Domke, halifanyi kazi hiyo vizuri. Hapo ndipo Domke na mimi tunapoachana.

Begi ninalolitumia sasa halikuwa la kamera. Ni la turubai la kijani lililofifia, la mitumba, nadhani mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi huko Ujerumani, maana mfukoni mlikuwa na tiketi ya treni. Lina zipu juu na mfuniko juu ya zipu. Nililipeleka kwa fundi mabegi kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Msimbazi, pamoja na kipande cha mkeka wa watoto, ile mikeka ya povu inayounganishwa yenye herufi na namba, imejaa Kariakoo. Fundi akashika herufi G akaigeuza.

"Dada, hii ya mtoto?"

"Ya kamera, fundi."

"Kamera yako ndio inaanza chekechea?"

Nikamweleza. Sponji ya godoro ni rahisi kupata na kila fundi atakushauri hiyo, lakini inanyonya maji na jasho na haikauki. Povu la ile mikeka lina vijitundu vilivyofungwa, maji hayaingii, na lina unene wa kama sentimita moja, unaotosha. Akakata vipande vitano kwa kisu cha viatu, akinipima kamera kwa kiganja, si kwa tepu. Tukavivisha kitambaa cha blanketi jepesi la manyoya mafupi. Hapo alinifundisha yeye: alichukua kipande cha velkro, upande wa miiba, akakijaribu kwenye vitambaa vitatu tofauti, anabandika na kubandua karibu na sikio. Kile kilichotoa mlio mkavu wa kuchanika ndicho alichokichagua. "Kikinyamaza, hakishiki," akasema, na kurudi kwenye cherehani.

Matokeo ni kisanduku kisicho na mfuniko, kinachoingia na kutoka kwenye begi. Siku ambayo sitaki kamera nakitoa na begi linarudi kuwa la ofisini. Siku ya safari kinahamia kwenye begi jingine. Hii ndiyo sababu nawaambia watu wasinunue begi la kamera, wanunue begi wanalolipenda na watengeneze moyo wake. Yapo ya kununua pia, visanduku vya aina hiyo vinauzwa tayari, lakini vya fundi vinafuata kamera yako na si kamera ya mtu wa katalogi.

Mkanda ulihitaji mazungumzo marefu zaidi. Ule wa asili ulikuwa mwembamba, unakata bega. Fundi alitoa mkanda wa siti ya gari, upana wa karibu sentimita 5, hauchakai leo wala kesho. Ukiuvaa juu ya nguo ya ofisini, unateleza. Akashona chini yake kipande cha tyubu ya baiskeli ili ushike. Ukashika kweli, na blauzi nyeupe ikashika weusi wa tyubu. Jasho la Dar na mpira mweusi si wenzi. Mwishoni tyubu ikaondolewa, ukaja ukanda wa ngozi ya ng'ombe, upande wa manyoya ukitazama bega. Kinachonifurahisha ni ncha zake: pale mkanda unapoingia kwenye begi alipiga mshono wa mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni alioupitisha kwenye nta. Mabegi mengi mapya ya bei nafuu hufa hapo, mkanda unang'oka na mshono. Ukiwa dukani, angalia hapo kabla ya kuangalia mifuko.

Siku za Jumamosi nina kitu kingine ambacho wanaume wenzangu wa kazi hii hunionea wivu, ingawa nao hakuna anayewakataza. Ni kikapu cha ukindu, kile cha kwenda sokoni, chenye mishikio miwili mirefu. Kisanduku cha povu kinazama chini kabisa, kamera ndani yake, juu yake khanga, juu ya khanga mchicha. Nimepita Kisutu, nimepita Feri asubuhi wakati wa mnada wa samaki, nimevuka nacho kwenda Zanzibar na kuzunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, na hakuna jicho lililokitazama mara mbili. Hakina zipu, kweli. Lakini hakuna anayekwapua mchicha. Kasoro yake ni maji: ukikiweka chini Feri, kinaloa kwa chini, na harufu haikubali kuondoka. Kwa hiyo Feri hakigusi sakafu, kinakaa mkononi muda wote, na mkono unachoka.

Kuhusu mvua. Zamani kila mpiga picha alikuwa na mfuko wa rambo uliokunjwa mfukoni, mvua ikianza unaivisha kamera. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ya plastiki imepigwa marufuku, wenzetu wa Kenya walitangulia mwaka 2017, na mifuko mbadala tuliyonayo inapitisha maji kama chujio la chai ya rangi. Sina malalamiko, mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa imejaa rambo. Badala yake nabeba kofia ya plastiki ya kuogea, zile za hotelini zenye mpira pembeni. Inaikumbatia kamera na lenzi fupi vizuri kabisa, na ikikunjwa haionekani. Turubai lenyewe nalipaka nta: mshumaa wa kawaida uliochanganywa na nta kidogo ya nyuki, unasugua, halafu unapitisha pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa cha zamani. Kwa mvua ya kutoka kituoni hadi nyumbani inatosha. Kwa mvua ya Aprili, ile ya kuzamisha Jangwani, hakuna begi; ingia dukani kwa mtu usubiri.

Ukitaka kununua la dukani, sawa, usione haya kulijaribu. Nenda na kamera yako, ingiza vitu vyako vyote hapohapo kaunta, hotpoti ikiwemo, na hotpoti iwe imekaa wima upande wake, maana mchuzi wa maharage hauna adabu. Livae. Kaa kwenye kiti, uone kama linapanda kidevuni. Inama kama unayeokota nauli iliyodondoka, uone kama linakuja mbele na kukupiga. Simama, toa kamera kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kitu juu kama bomba la basi, irudishe, funga zipu kwa mkono huohuo. Kisha tembea nalo nje hadi kona ya pili na kurudi. Muuzaji akikataa usitoke nje ya duka na begi lake, anayo haki, mwachie simu yako rehani. Akikataa hata kuingiza hotpoti, duka la jirani linauza mabegi yaleyale.